Nilivyosugua mikono ya Masanja kwa jani la msasa mbele ya mashine ya moyo

Wakuu, marahaba.

Najua hamjaniamkia bado, ila kwa umri wangu shikamoo zenu nazipokea kabla hazijafika. Nakaribia tisini. Nakaa Ushirombo, na anayechapa haya ni mjukuu wangu Neema. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwonya asiongeze chumvi wala asipunguze, maana nikimaliza atanisomea yote tangu mwanzo.

Ni yeye aliyeniambia huku mtandaoni mnaitana wakuu, hata yule asiye mkuu wa chochote. Haya, nimekubali.

Ninayosimulia yalinipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa na mtu. Majina nimeyabadilisha na jina la mgodi naliacha, mengine yote ni kweli. Asiyeamini apite salama, nyuzi ziko nyingi.

Iko hivi.

Mwezi uliopita nilipelekwa kupimwa moyo, ECG wanaita. Nesi, binti mdogo mwenye kucha ndefu, akachukua kikaratasi chenye mchangamchanga, akanipitishia kifuani mara moja, kisha akabandika vibandiko vyake. Nikaanza kulia.

Akaniuliza, "Bibi, nimekuumiza?"

Nikamwambia hapana, endelea na kazi yako.

Tulipofika nyumbani Neema alinibana kwa maswali mpaka nikamweleza. Mume wangu, Mungu amrehemu, niliishi naye miaka mingi na hili sikumweleza. Sikumficha, ila sikuona pa kuanzia.

Turudi nyuma, miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru.

Mimi ni Msumbwa wa hapahapa Ushirombo, baba yangu alikuwa katekista. Masista wa misheni walinifundisha kusoma, kuandika, kufua bendeji na kuchemsha sindano. Nilipofika miaka kumi na tisa hivi, mjomba wangu aliyekuwa mpishi kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita akaleta habari kwamba hospitali ya mgodi inatafuta msichana wa kuwahudumia wagonjwa wa kike. Baba hakutaka. Mama akasema mtoto aende, atarudi na akili.

Nikaenda.

Hospitali yenyewe ilikuwa nyumba tatu za bati. Alikuwepo Daktari mmoja Mzungu, mrefu, mwenye haraka, Kiswahili chake cha amri tupu: leta, toa, funga. Chini yake alikuwepo Mzee Petro, dresa mkuu. Vijana hamjui dresa. Huyo ndiye aliyefunga vidonda, akachoma sindano, akawasikiliza wagonjwa na kumfasiria Daktari. Kwa watu weusi, dresa ndiye aliyekuwa hospitali.

Mzee Petro alinipokea kama binti yake. Alinionyesha pa kulala, akaniambia ni nani wa kumwamkia na ni nani wa kumkwepa. Nilimpenda sana mzee yule.

Basi, kama mwaka mmoja baadaye ikaja mashine ya moyo.

Ilikuwa sanduku zito, limefungwa kwenye majani makavu kama mayai. Ilikuwa na vibati vinne vya kufunga mikononi na miguuni kwa mikanda ya mpira, na kalamu ya kuchora mstari kwenye karatasi ndefu. Daktari alifurahi siku ile. Sikuwahi kumwona akifurahi hivyo tena.

Furaha yake haikudumu wiki.

Niwaeleze kidogo. Moyo ukipiga unatoa umeme mdogo sana, na mashine inausikia kupitia ngozi. Ngozi ikiwa na mafuta, vumbi au magaga, ule umeme haupiti vizuri. Mstari unatetemeka, daktari anaona michirizi tu kama kuku amepekua.

Sasa fikirieni watu wetu. Wachimbaji ngozi zao zilikuwa ngumu kama gome, vumbi la mawe limeingia mpaka ndani. Na akina mama wa vijijini ndio kabisa, maana zamani kwetu mtu hakwenda mbele ya mkubwa akiwa amepauka. Akisikia anaitwa kwa Daktari anaoga, kisha anajipaka samli kuanzia utosini hadi kwenye nyayo. Wanakuja wanang'aa. Vibati vikifungwa vinateleza kama kambale.

Daktari alikuwa akifoka, "Mafuta! Mafuta!"

Mzee Petro hakuwahi kumgombeza mgonjwa hata mmoja kwa hilo. Alikuwa akiniambia pembeni, "Hawa wamejipaka heshima. Heshima haifokewi."

Daktari alileta spiriti na brashi ngumu ya nyuzi, ile ya kusugulia sakafu. Nikawa nasugua watu kama sakafu. Haikusaidia, samli ya wiki nzima haisikii spiriti ya kijiko kimoja. Akaagiza karatasi ya msasa kutoka stoo. Siku ya pili nikamtoa damu mzee mmoja wa Rwamgasa, ngozi yake nyepesi kama ya kitunguu. Mzee wa watu hakulia, alinitazama tu.

Tena kulikuwa na jambo la chale. Wengi walikuwa na chale kwenye vifundo vya mikono na vya miguu, wamechanjwa dawa ya kinga. Ukimsugua hapo kwa nguvu anaamini unamtoa dawa yake, unamwacha wazi. Mchimbaji mmoja aliutoa mkono wake, akasema kama ni hivyo bora afe na kinga yake. Daktari akasema ujinga. Mimi sikuona ujinga. Hata mimi sikupenda mtu aguse rozari yangu.

Nikawa sipati raha. Nilikuwa msichana mwenye kiburi, niseme ukweli, sikupenda kazi inishinde.

Ndipo nikaenda karakana ya mbao kuomba karatasi ya msasa iliyokwisha tumika. Niliwaza kwamba ikichakaa inakuwa laini kidogo.

Na ndiko nilikomkuta Masanja.

Masanja alikuwa Msukuma wa upande wa Shinyanga, seremala. Karakana yao ilichonga nguzo za kushikilia paa la mashimo ya mgodi, na mipini ya sururu na makoleo. Alikuwa mrefu, mpole, Kiswahili chake kimejaa Kisukuma. Jina langu ni Anastazia. Yeye hakuliweza. Aliniita Anasitazia mpaka siku ya mwisho, na mimi sikumrekebisha.

Nilimweleza shida yangu. Akacheka.

"Karatasi ya msasa ni ya mbao za Wazungu," akasema. "Sisi mipini yetu tunaisafisha kwa hili."

Akanipa jani.

Mnaotoka vijijini mnaujua mti wa msasa, majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka. Nilijisugulia mkononi palepale. Bichi lilichanika. Akanipa kavu, likavunjika. Akasema rudi kesho, nitaliloweka.

Nikarudi kesho. Nikarudi na kesho yake.

Kazi ile ilituchukua kama miezi miwili, na naapa kwenu nusu ya siku hizo haikuwa lazima. Tuligundua jani likianikwa kivulini siku mbili kisha likaloweshwa kidogo linakuwa sawasawa: linaondoa ngozi iliyokufa bila kuchuna iliyo hai. Lakini ukilishika kwa kidole linajikunja, unasugua pengine sana, pengine hujagusa. Masanja akachonga kipini kidogo cha mti wa mninga, mgongo wake umepinda kidogo kama kiganja, na tumboni akaweka mfereji wa kubania jani kwa kijiti. Jani likichoka unalitoa, unaweka jingine.

Cha kwanza kilikuwa na upana wa vidole viwili. Nikamwambia kinagusa chale. Akaniuliza kati ya chale na chale pana nafasi gani. Nikamshika mkono nikapima kwa kidole gumba changu, maana naye alikuwa nazo. Akachonga kingine, chembamba kama gumba langu.

Wakuu, sikumbuki nilikula nini juzi. Ule mkono naukumbuka.

Samli niliitafutia dawa mwenyewe. Maji ya magadi ya uvuguvugu, unapangusa, unakausha, halafu jani mara tatu kwenda upande mmoja, usizungushe. Mara tatu tu. Ukizidisha panakuwa pekundu, ukipunguza mstari unatetemeka. Na kabla ya yote unamwambia mtu, shikamoo baba, naomba mkono wako, nitapita hapa na hapa sitagusa. Walikuwa wananipa wenyewe.

Siku ya kwanza Daktari aliuona mstari umetulia, akarudia kupima akidhani amekosea. Akauliza, "Nani?"

Mzee Petro akajibu, "Sisi, bwana."

Sisi nani? Niliuma meno. Nikamwambia Masanja jioni ile, akacheka mpaka akakaa chini. Kicheko kilipokwisha alibaki amekaa, anahema, mkono kifuani. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko kicheko chenyewe.

Nikamuuliza, "Una nini?"

Akasema alipokuwa mtoto aliugua viungo, magoti yakavimba, akalala miezi. Tangu hapo akibeba gogo moyo unamruka. "Unatulia wenyewe," akasema.

Mimi nilikuwa nimefanya kazi hospitali mwaka na ushee. Nilijua kinachotulia chenyewe na kisichotulia.

Tulikuwa tumekwisha kuelewana kufikia hapo. Hakuna aliyesema nakupenda, zamani hatukuwa na mdomo huo. Alikuwa akinisalimia asubuhi kwa Kisukuma, "Mwangaluka," na mimi namjibu, basi moyo wangu umeshiba hadi jioni. Alianza kwenda mafundisho ya dini kwa ajili yangu, mtu mzima na ndevu zake anakariri sala na watoto. Mshenga alikwenda kwa baba. Baba akasema abatizwe, na alete ng'ombe baada ya mavuno. Hakusema hapana. Kwa baba yangu, hilo lilikuwa ndiyo kubwa.

Kilichobaki ni Masanja abaki kazini mpaka mavuno.

Ndipo likatoka tangazo. Karakana ya juu inapunguzwa. Maseremala watashuka shimoni kusimamisha nguzo hukohuko chini. Kila anayeshuka apimwe kwanza moyo na kifua. Anayefaa abaki, asiyefaa arudi kwao.

Masanja alinikuta nyuma ya hospitali nikianika bendeji. Mchana, jua kali. Alisimama upande wa pili wa kamba, bendeji ziko katikati yetu.

"Anasitazia, kesho usinisugue."

Nilijifanya sijaelewa. Akaendelea.

"Nitajipaka samli kama wenzangu. Mstari ukitetemeka Daktari atasema ni mashine. Si huwa anasema hivyo?"

"Na ukianguka huko chini?"

"Nikianguka nimeanguka nikiwa na kazi. Nikirudishwa kwetu, nitamwambia nini baba yako?"

Nilishika bendeji moja nikaikunja, nikaikunjua, nikaikunja tena. Akasema, "Ni mara tatu tu kila upande. Kuacha mara tatu si dhambi." Akaondoka.

Niliwaza sana siku ile. Nilijisemea ni kweli, wangapi wanashuka na mioyo yao mibovu na wanazeeka. Nilijisemea pia mimi ni nani niamue. Nilitafuta kila sababu ya kumtii, na zilikuwepo nyingi.

Kesho yake akaja. Amejipaka hadi kwenye vifundo, anang'aa.

Mzee Petro akatabasamu, "Huyu naye leo amejipaka heshima." Masanja akatazama chini.

Nilichukua kitambaa kikavu. Nikampangusa juujuu, nikamfunga vibati. Magadi sikugusa, kipini sikugusa. Nilifanya alivyoniomba, wakuu, nisijitakase mbele yenu.

Mstari ukatetemeka. Daktari akapiga sanduku kofi, akatazama saa. Walikuwa wamebaki watu kumi na kitu kwenye foleni. Akamtazama Masanja, kifua kile kipana, mikono ile ya kubeba magogo, akasema kwa Kiswahili chake, "Huyu nguvu. Mzima. Andika."

Mzee Petro akachukua kalamu aandike.

Yaani yalikuwa yamekwisha. Nilichotakiwa kufanya ni kufungua mikanda na kuita mwingine.

Nikainama kufungua mkanda wa mkono wa kushoto. Pale shingoni, chini ya taya, niliuona mshipa wake. Unapiga, unapiga, unasimama, kisha unakimbia. Alikuwa amelala chali, hajabeba kitu, na bado mshipa unahangaika namna ile. Nikamwona shimoni amebeba nguzo na hakuna wa kumpokea.

Nikasema, "Bwana, huyu bado hajasafishwa."

Masanja hakunitazama, aliangalia bati la juu.

Daktari akasema, "Safisha. Haraka."

Nikaleta magadi. Nikampangusa mkono wa kulia, wa kushoto, miguu. Nikatia jani jipya kwenye kipini alichokichonga yeye mwenyewe, nikapita kati ya chale zake mara tatu, mara tatu, mara tatu, mara tatu. Sikuwahi kuifanya kazi ile vizuri kama siku ile. Mikono yangu ilikuwa haitetemeki kabisa, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo, nilitamani angalau aione ikitetemeka.

Mstari ukatoka safi. Hata mimi nisiyejua kuusoma niliona. Vilima viwili vinakwenda sawa, cha tatu hakipo, halafu viwili vimebanana kama watu wanaojikwaa.

Daktari aliutazama muda mrefu. Foleni aliisahau. Akamwambia Mzee Petro kwa sauti ya chini, na Mzee Petro akafasiri: hashuki, habebi tena mizigo, arudi kwao apumzike, na lori la Alhamisi litamchukua.

Masanja akavaa shati. Akaniambia, "Wabeja."

Wabeja ni asante kwa Kisukuma. Niliisikia kama tusi. Kwa jinsi nilivyokuwa, hata angenibariki ningesikia laana.

Alhamisi lori lilipoondoka nilijificha kwenye chumba cha dobi. Nilisikia injini, nikasikia watu wakiagana. Nilijiambia akitaka kuniona atakuja. Hakuja. Nikajua amenichukia, na nikaona ana haki.

Nilimngojea hata hivyo. Nilingoja barua, nikangoja salamu kwa madereva. Kila Msukuma aliyelazwa nilimuuliza kwao wapi. Mavuno yakapita. Baba akauliza vipi yule kijana, nikamwambia amebadili mawazo. Miaka mitatu ikapita, akaja mwalimu wa misheni, mtu mwema, mkimya. Nikaolewa. Nikazaa sita. Neema anafuta machozi hapa, nimemwambia babu yako alikuwa mume mzuri na sijutii watoto wangu hata mmoja.

Ila maji yaliyomwagika nayo yanaacha alama sakafuni.

Sasa sikilizeni.

Baada ya Uhuru, nina watoto wanne tayari, nilisikia Mzee Petro amestaafu na anaumwa, kwake ni Katoro. Katoro ya wakati ule siyo hii yenu ya bodaboda na maghorofa, ilikuwa maduka machache njia panda. Nikapika uji wa ulezi, nikaenda kumwona.

Alikuwa amekonda, ila akili zote zipo. Tukakumbuka hospitali, tukacheka kuhusu Daktari na brashi yake ya sakafu. Nilikuwa namnywesha uji kwa kijiko. Akasema, "Anastazia, kuna neno la mtu ninalo. Nimelikalia sana. Nisife nalo."

Nikafikiri ni mambo ya familia yake.

Akasema, "Siku ile lori linaondoka, yule kijana wa mbao alinifuata. Alikutafuta hakukuona. Akasema nikwambie hana kinyongo. Akasema umefanya alivyojua utafanya. Akasema anashuka Katoro, anakungoja kwenye duka la Mwarabu mpaka Jumapili. Ukija, mwende pamoja kwa baba yako, amwombe awape muda. Usipokuja atajua umekataa."

Kijiko kilikuwa njiani. Nikakifikisha mdomoni kwake.

Kutoka mgodini hadi Katoro ni mwendo wa miguu. Ukianza asubuhi, jioni umefika. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, miguu yangu ilikuwa mizima.

Nikamuuliza, "Mzee wangu, mbona hukuniambia?"

Alitazama ukutani. Akasema wiki ile Daktari alimwambia mashine haina kazi bila yule msichana, na wachimbaji mia walikuwa wanasubiri kupimwa. Akasema alipanga kunieleza Jumatatu, kisha akaona Jumatatu imechelewa, kisha akaona aibu.

Akasema, "Ungekwenda, nani angesugua?"

Nilimnywesha uji mpaka ukaisha. Nikamfuta mdomo. Nikaosha bakuli, nikamuaga, nikaondoka. Sikumfokea. Nilipofika njia panda nikauliza duka la Mwarabu lilikuwa wapi. Wakanionyesha, lilikuwa limefungwa siku nyingi, mlangoni pana jiwe bapa la kukalia. Nikakaa pale kidogo.

Mzee Petro alifariki mwezi uliofuata. Nilikwenda kumzika, na nililia kwa haki.

Neema ananiuliza funzo ni nini, eti huku kisa bila funzo watu wanalalamika. Haya.

Nyie mnaofanya kazi mahospitalini, kifaa kizuri kinaanza kwa kumuuliza mtu ngozi yake imepitia nini. Kampuni haikunifundisha hilo, wala Daktari. Nilifundishwa na samli na chale za watu.

Na ukipewa neno la mtu, lifikishe siku hiyohiyo. Hata kama linakuharibia kazi. Hasa kama linakuharibia kazi.

Kwamba nilimsafisha, sijutii. Nimelipima miaka yote hii kila upande. Ningeacha, angeshuka. Ninachojutia ni kujificha kwenye chumba cha dobi. Dakika tano tu za kiburi na woga, mtoto wa watu akanitafuta asinione.

Changieni, mnirekebishe, hata mnitukane, Neema atanisomea. Lakini nina shida moja, na kwa kweli ndiyo iliyonileta huku.

Kuna watu wa Shinyanga wengi humu. Kama kwenu kulikuwa na babu seremala, mrefu, mpole, mwenye chale nyembamba mikononi, anayesimama njiani kupumua, ambaye ujana wake alifanya kazi kwenye migodi ya Geita, niambieni aliishi miaka mingapi. Kama alizeeka, basi nitalala. Kama hakuzeeka niambieni vilevile, ila taratibu.

Na kama kwa rehema za Mungu bado yupo, amekaa mahali kivulini hasikii vizuri, msogeleeni sikioni mumwambie Anasitazia hakukataa. Mwambieni sikuambiwa.